Pikapu Inayoinamisha Pua: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Seti ya Kunyanyulia Mbele

Itazame Hilux, Ranger au D-Max tupu kwa ubavu: mkia juu, pua chini. Wengi hudhani springi za mbele zimechoka. Mara nyingi hazijachoka. Kiwanda huacha nyuma ikae juu kwa makusudi, kwa kawaida milimita 25 hadi 50, ili ukishapakia mzigo gari likae sawa. Seti ya kunyanyulia mbele, ambayo mafundi wengi huiita "spesa" (kipande cha kuongeza unene) hata pale isipokuwa na spesa ndani, hupandisha mbele mpaka tofauti hiyo ipungue au iishe. Kabla ya kuuliza inchi, basi, jiulize bodini huwa kuna nini siku nyingi za mwaka.

Anayebeba alizeti kutoka Chemba, hapa mkoani Dodoma, au mahindi kwenda soko la Kibaigwa, akipakia magunia kumi ya kilo mia ameshafika tani moja. Simtanki la lita 1,000 likijaa ni tani hiyohiyo, tena maji hayatulii kwenye kona. Ukiwa umenyanyua mbele milimita 50, siku ya mzigo gari litasimama kama fisi, mabega juu na makalio chini: taa zinamulika matawi ya mibuyu, usukani unakuwa mwepesi, na tairi za mbele hazishiki breki inavyotakiwa. Gari la namna hiyo halihitaji seti ya kusawazisha. Linahitaji springi za nyuma zilizo imara, na mbele pengine milimita 20 tu, au lisiguswe kabisa.

Dabo kabini inayokwenda Singida na kurudi na watu wanne na mabegi, yenye ngao ya chuma na winchi mbele, ni habari nyingine. Ngao ya chuma huongeza kilo 50 hadi 70, winchi na waya wake kama 35 hadi 40. Uzito huo wote uko mbele ya ekseli, kwa hiyo pua inashuka kweli. Huyu ndiye mteja halali wa seti hizi.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Tafuta sakafu ya zege iliyo bapa. Uwanja wa udongo utakudanganya. Tairi zote ziwe na upepo unaotakiwa, tangi liwe nusu, bodi iwe tupu. Sogeza gari mbele na nyuma mita kama kumi ili springi zitulie, usipige breki kali, kisha shuka na upime kwa futi ya chuma.

Kipimo cha kwanza ni kutoka katikati ya rimu wima hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne. Andika kwa milimita. Hiki ndicho utakachorudia baada ya kazi kujua gari limepanda kiasi gani. Kimeanzia katikati ya rimu, kwa hiyo hata ukibadilisha tairi hakiharibiki. Lakini usikitumie kulinganisha mbele na nyuma, maana tundu la madigadi ya mbele na la nyuma havikuchongwa sawa.

Kwa ulinganisho huo tumia ukingo wa bodi chini ya milango. Chagua alama mbili zilizoachana mita 1.5, pima kila moja mpaka sakafuni. Tuseme ya mbele iko chini kwa milimita 20 kuliko ya nyuma. Umbali kati ya ekseli mbili za Hilux dabo kabini (Vigo na Revo) ni milimita 3,085, kwa hiyo tofauti halisi kwenye ekseli ni 20 × 3,085 ÷ 1,500, kama milimita 41. Hapo umeshajua kwamba seti ya milimita 75 itakupindua upande wa pili.

Rudia vipimo vyote gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Kama nyuma inashuka milimita 40 kwa mzigo wa kila siku na tofauti yako tupu ni 41, hesabu imekwisha: gari tayari linakaa sawa linapofanya kazi.

Kipimo cha tatu karibu hakuna anayekichukua, nacho ndicho kinachoamua seti ipi inafaa. Inua chasi kwa jeki, weka stendi, acha tairi ya mbele ining'inie. Pima tena kutoka katikati ya rimu hadi madigadi. Ikiwa chini ilikuwa 480 na sasa ni 565, gari lina milimita 85 za nafasi ya kushuka, yaani tairi linaweza kufuata shimo kwa kiasi hicho kabla shokapu haijafika mwisho wake. Andika namba hiyo pembeni, tutairudia.

Kama kushoto na kulia vimepishana zaidi ya milimita 10, simama hapo. Koili (springi ya mzunguko) imevunjika mzunguko wa chini, au bushi zimekufa, au kuna mahali gari liligonga. Spesa juu ya ugonjwa huo huficha tu. Na gari lenye zaidi ya miaka kumi kwenye barabara za vumbi, jaribu kwanza kulinganisha na koili mpya za kawaida. Jozi mpya peke yake inaweza kurudisha milimita 15 hadi 25 zilizolala.

AINA ZA SETI, NA KILA MOJA INAUMA WAPI

Jua kwanza chini ya gari lako kuna nini. Hilux kuanzia Vigo ya 2005, Ranger kuanzia toleo la 2011 na D-Max kuanzia toleo la 2012 zina koili iliyozunguka shokapu, juu na chini kuna wishboni (mikono ya chuma inayoshikilia tairi). Nissan Hardbody D22, Ranger 4x4 za kabla ya hapo na D-Max 4x4 za mwanzo zina tosheni baa (fimbo ya chuma inayojinyonga, badala ya koili). Land Cruiser 79 ina ekseli nzima mbele na koili zilizosimama peke yake.

Spesa ya juu hukaa kati ya kikombe cha shokapu na chasi. Ndiyo ya bei nafuu, na koili haiguswi, kwa hiyo haihitaji kifaa cha kukandamizia springi. Hapa ndipo watu wengi hukosea namba: shokapu haikufungwa kwenye tairi, imefungwa katikati ya wishboni ya chini. Spesa yenye unene wa milimita 25 hupandisha gari kwa milimita 40 hadi 50. Anayenunua kipande cha unene wa 50 akidhani atapanda 50 anajikuta karibu na 100, na mwezi haujaisha jointi zinalia. Muulize muuzaji swali moja: namba hii ni unene au ni mpando wa gari? Akibabaika, pima mwenyewe kwa kalipa na uzidishe mara 1.6 hadi 2.

Ubaya wa spesa ya juu uko pande mbili. Tairi likining'inia linashuka kuliko kiwanda kilivyokusudia, kwa hiyo boljointi ya juu (kiungo kwenye ncha ya wishboni) na sivi jointi (viungo vya draivu shafti, fimbo inayozungusha tairi) zinapinda kupita kiasi, na wishboni ya juu inaweza kugusa koili. Tairi likipanda, shokapu inakandamizwa zaidi ya ilivyopangiwa na inaweza kugonga mwisho wake ndani kabla kizuizi cha mpira kwenye chasi hakijafanya kazi. Shokapu zinazovuja mafuta miezi michache baada ya spesa mara nyingi zimekufa kwa sababu hii.

Spesa ya ndani hukaa juu ya koili, ndani ya kikombe. Hupandisha kiasi kilekile kwa unene uleule, ila urefu wa shokapu haubadiliki. Jointi ziko salama zaidi, lakini unalipa kwa nafasi ya kushuka. Chukua ile 85 yako: ukipanda 50 zinabaki 35. Kila tuta utakaloshuka litakujibu "kok!" Tusingekubali ibaki chini ya milimita 50, hasa kwa gari linalokwenda Mpwapwa au Kibakwe kwa njia za vumbi zilizojikunja kama bati. Ufungaji wake pia ni wa hatari: koili lazima ikandamizwe, na koili iliyokandamizwa ikiponyoka inaua.

Koili mpya pamoja na shokapu zake ndiyo njia bora kwa gari lenye ngao, na ndiyo ghali. Old Man Emu, Ironman 4x4 na Tough Dog, zote za Australia, hutengeneza seti za pikapu zinazotembea hapa kwetu. Koili huchaguliwa kwa uzito uliouongeza mbele: kuna ya gari lisilo na ngao, ya ngao peke yake, na ya ngao na winchi. Sema ukweli. Anayechukua ya ngao na winchi akiwa hana hata ngao anapata mbele ngumu kama toroli, na gari linapanda kuliko alivyotaka. Shokapu ziwe ndefu kwa mpando huo. Koili ndefu juu ya shokapu ya zamani ni spesa ya ndani kwa jina lingine.

Kuna pia shokapu zenye migongo kadhaa ya kukalishia koili, kama Bilstein 5100. Unachagua mgongo, unapata urefu. Zinafaa, ila hesabu ya nafasi ya kushuka ni ileile.

Wenye tosheni baa wana bahati: bolti ya kurekebishia ipo tayari. Piga rangi kuonyesha ilipokuwa, inua gari ili baa ilegee, safisha nyuzi na uzipake grisi, kisha zungusha pande zote mbili idadi sawa. Nusu mzunguko, shusha, sogeza, pima. Usinunue "funguo" za tosheni kama bolti yako bado ina nyuzi. Kazi yake ni hiyohiyo na hazileti nafasi ya kushuka hata milimita moja.

Kwa Land Cruiser 79, spesa au koili hupandisha moja kwa moja, 30 kwa 30. Lakini ekseli inazunguka kidogo na kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) inapungua, kwa hiyo kufikia 50 panga na bushi za kurekebisha kasta, na uangalie kama ekseli imesogea pembeni kwa sababu ya fimbo ya panhadi, ile inayoizuia ekseli isiende pembeni.

Vitu vya kukataa bila mjadala: mbao, nailoni laini, washa zilizopangwa zikachomelewa, na koili iliyopashwa moto wa gesi "ivutike". Moto huo huua ugumu wa chuma, na koili italala au kukatika. Spesa iliyochongwa kwa mashine ya tona si mbaya kama chuma ni kizima, nyuso mbili zimenyooka, na bolti zake si za daraja la chini kuliko za kiwandani. Nati ikishakazwa, nyuzi mbili tatu zitokeze juu yake. Usikubali pia kusawazisha kwa kutoa bapa moja kwenye springi za nyuma: gari linapendeza, mzigo linashindwa.

UPANDE KIASI GANI

Kwa matumizi ya Dodoma na jirani zake, milimita 25 hadi 40 hutosha karibu kila gari la koili. Mpaka 50 wishboni za juu za kiwandani huvumilia kama boljointi ni nzima. Kupita hapo nunua wishboni za juu zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lililonyanyuliwa, la sivyo kasta haitarudi na gari litatangatanga barabarani. Vipande vya kushushia difu ya mbele, vya milimita 25 hivi, hupunguza kidogo mpindo wa draivu shafti, lakini vinakula nafasi ya chini. Chini ya 50 hatuoni haja yake.

Usidanganyike kwamba seti itakuvusha kwenye matope meusi ya Bahi. Difu ya nyuma haipandi hata milimita moja. Kinachoipandisha ni tairi peke yake. Kutoka 265/70R16 yenye kipenyo cha milimita 777 kwenda 265/75R16 yenye 804, difu inapanda 13 au 14, na spidi mita inapungua kwa asilimia 3 na kitu: ikisoma 50 kijijini, wewe uko karibu 52. Askari mwenye tochi hasomi dashibodi yako.

KABLA HUJATOA HELA

Mwambie fundi ajaribu kuzungusha bolti za kurekebishia kemba (mlalo wa tairi ndani au nje kwa juu) kwenye wishboni ya chini. Vumbi na maji ya makorongo huzigandisha ndani ya bushi, na zikiganda hakuna alaimenti (upangaji wa pembe za tairi) itakayofanyika, uwe na seti ya bei gani. Zikikataa, bajeti yako sasa ina bolti na bushi mpya ndani yake. Tikisa boljointi na tairodi (fimbo za usukani), kagua mipira ya sivi jointi, angalia kama shokapu zimelowa. Fanya alaimenti ya kabla na uombe karatasi yake. Bila karatasi hiyo, baadaye hutajua kilichoharibika kwa seti na kilichokuwa kimeharibika tangu zamani. Mjulishe na mwenye bima.

KUFUNGA SPESA YA JUU

Watu wawili, nusu siku. Unahitaji jeki ya tani tatu na nyingine ndogo, stendi mbili, spana na soketi za milimita 10 hadi 24, spana ya toki, dawa ya kutu na nati mpya za juu. Dawa ya kutu ipigwe jana yake jioni.

Zuia tairi za nyuma, legeza nati za tairi, inua chasi na uikalishe kwenye stendi pande zote mbili kwa pamoja. Ukiinua upande mmoja, baa ya stabilaiza (fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia) itapigana nawe kutwa nzima. Toa tairi. Fungua linki za stabilaiza, na vishikizo vya mpira wa breki na waya wa ABS ili visivutwe. Weka jeki ndogo chini ya wishboni ya chini.

Juu ya shokapu utaona nati tatu pembeni na moja kubwa katikati. Ya katikati usiiguse. Hiyo ndiyo imeishikilia koili yote, na ukiifungua bila kifaa cha kukandamizia itaruka usoni. Legeza zile tatu, toa bolti ya chini ya shokapu, achanisha boljointi ya juu, kisha shusha jeki ndogo taratibu mpaka shokapu itoke. Funga nako (chuma kinachobeba kitovu cha tairi) kwa kamba kwenye chasi isivute mpira wa breki wala isichomoe draivu shafti.

Funga spesa, rudisha shokapu, pandisha wishboni kwa jeki, rudisha boljointi na pini yake. Kabla ya kurudisha tairi, acha wishboni ishuke mpaka mwisho na upitishe kidole kati ya wishboni ya juu na koili. Kidole kisipopita, spesa ni nene mno kwa gari hilo. Zungusha usukani kulia na kushoto mpaka mwisho ukiangalia mpira wa breki. Mpira huo ukikazika kama uzi wa gitaa, unahitaji mrefu zaidi.

Sasa kosa linaloua bushi kuliko yote: bolti zinazopita kwenye bushi, ya chini ya shokapu na za wishboni kama ziliguswa, zikamilishwe kukazwa gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Bushi ya mpira ikikazwa tairi likiwa linaning'inia, inabaki imejipinda muda wote, gari linakaa juu kwa uongo kwa wiki chache, kisha mpira unachanika na vipimo vinashuka. Toki zifuate kitabu cha gari lako.

ALAIMENTI NA TAA

Endesha taratibu kilomita chache springi zitulie, pima kona nne, ndipo uende alaimenti. Gari likipanda, tou (tairi za mbele kuelekeana au kuachana kwa mbele) hubadilika, kemba huelekea nje kwa juu na kasta mara nyingi hupungua. Fundi asirekebishe tou peke yake akakuaga. Tairi linalolika upande wa nje tu ni kemba. Gari linalokataa kurudisha usukani lenyewe baada ya kona ni kasta.

Taa husahaulika, ingawa hesabu yake ni rahisi. Kupandisha mbele 50 kwenye Hilux kunainamisha gari nyuma kwa asilimia 1.6, yaani mwanga unapanda sentimita 16 kwa kila mita kumi. Taa iliyokuwa inashuka sentimita 10 kwa mita kumi sasa inapanda 6, machoni pa dereva wa basi anayetoka Iringa. Simama mita 10 kutoka ukutani kabla ya kazi, weka alama ukomo wa mwanga, na baada ya kazi urudishe hapohapo. Kama gari lina kitufe cha kushushia taa kwenye dashibodi, kiache sifuri wakati wa kurekebisha. Kitakusaidia siku ya mzigo.

Kama nyuma nayo imepandishwa, fuatilia fimbo ya valvu ya breki iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma, kwa magari yenye nayo. Valvu hiyo husoma mzigo kwa umbali wa ekseli na chasi. Nyuma ikipanda inadhani gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma, na utagundua ukiwa na tani moja kwenye mteremko. Kishikio chake lazima kirekebishwe kwa kiasi gari lilichopanda.

MILIO YA WIKI ZA KWANZA

"Kok" moja tairi linaposhuka tutani ni shokapu inayofika mwisho wa kurefuka kwake: nafasi ya kushuka haitoshi, punguza unene. "Kok" mbili tatu kwenye vishimo vidogo mara nyingi ni linki za stabilaiza au nati za juu zilizolegea. "Tik-tik-tik" ukikata kona kali ukiwa kwenye 4x4 ni sivi jointi, na mpira wake huenda umeshapasuka. Kwa vumbi letu, jointi iliyopasuka mpira haimalizi msimu. Mngurumo unaokuja tairi likigusa plastiki ya madigadi ukirudi nyuma huku umekata usukani ni wa tairi pana, seti haihusiki.

Kaza tena nati za tairi baada ya kilomita 50 hadi 100, na bolti zote zilizoguswa baada ya 500. Pima kona nne tena kwenye kilomita 1,000. Zikiwa zimeshuka milimita 5 au chini ya hapo, hizo ni koili zinazotulia. Zikishuka 15, rudi kwenye zile bushi.